TUJIFUNZE URAIA: POLISI NI NANI, NA KAZI YAKE INAISHIA WAPI?



Ukurasa wa somo la uraia huandikwa kila mara na mwalimu. Safari hii mwalimu amekataa. Tulipomfuata na karatasi mkononi alituambia hivi: "Hapana. Mutaandika nyinyi wenyewe, juu nyinyi njo mulifanya." Wale wa internati wanajua alitaka kusema nini. Wale wa nje hawajui, basi tutaanza na habari yenyewe, ijapokuwa haitupendezi.

Mwezi wa pili, kinga ya mwalimu mmoja iliibiwa nyuma ya jiko la masomo. Usiku ule ule kapita wa bweni alimwona kijana akiisukuma kuelekea njia ya reli. Tulimtambua, kwa sababu alikuwa amesoma hapa mpaka mwaka wa pili. Tulimkimbilia, akaitupa kinga na kupotea katika majani. Kinga ilirudi, tairi moja tu limepasuka. Mambo yangeweza kuishia hapo.

Asubuhi tulikwenda posti ya polisi. Hatutasema ni posti gani, maana somo hili hatukuliandika kwa kumshitaki mtu. Polisi wa zamu alituuliza: "Muko na karatasi?" Tulifikiri anataka vitambulisho vyetu. Kumbe alitaka karatasi ya kuandikia. Mmoja wetu alipasua kurasa mbili katikati ya daftari lake la kemia, na kalamu pia ilikuwa yetu. Aliandika polepole, kwa herufi nzuri kuliko zetu. Mwisho akauliza: "Huyo mwivi iko na ndugu?" Tukasema ndiyo, mdogo wake yuko hapa, mwaka wa tatu, analala bweni la pili, kitanda cha karibu na mlango. Tulijibu mbio mbio, kama mtu anayetaka alama nzuri.

Saa sita polisi wawili walifika wakamchukua yule mdogo. Alilala kasho siku tatu. Baba yake alitoka kijijini kwa miguu, akatoa kuku wawili na franka alizokopa, na mtoto hakutoka. Siku ya nne mwalimu wa uraia pamoja na prefe wa masomo walikwenda na kitabu kidogo cha Katiba. Hawakupiga kelele. Walikaa, waliulizana habari za nyumbani, halafu wakafungua kitabu kwenye kifungu cha 17. Mtoto alitoka. Kuku hawakutoka.

Kifungu hicho kinasema kwamba kosa la jinai ni la mtu mwenyewe, na hakuna anayeweza kufuatwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Hata kaka kwa mdogo wake, hata mke kwa mume, hata baba kwa mtoto. Sisi wa mwaka wa mwisho tulikwisha kukisoma kifungu hiki darasani. Kilikuwa katika mtihani wa mwezi wa kumi na mbili, na wawili kati yetu walipata 8 juu ya 10.

Siku tulipokwenda kumwomba msamaha baba wa yule mtoto, hakutukasirikia. Alitupa mihogo tukala. Alisema tu: "Wanangu, hapa kwetu ukiona nguo ya Leta, unalipa kwanza, unauliza nyuma. Hata baba yangu alifanya vile." Tukaondoka na maneno hayo. Tulitaka kujua yametoka wapi.

NGUO YA LETA ILITOKA WAPI

Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na jeshi lililoitwa Force Publique. Lilianza katika miaka ya 1880, nchi yetu ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II. Lilikuwa jeshi na polisi pamoja: lilipigana vita, na pia lilikamata watu vijijini na kuwasukuma kwenye kazi ya lazima. Ni kweli kulikuwa pia na polisi ya teritwari chini ya wakubwa wa utawala. Lakini mtu aliyelazwa chini na kuchapwa chikoti hakuuliza ni ya idara gani.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Force Publique ilikuwa na askari karibu 25 000, na hakukuwa hata Mwafrika mmoja mwenye cheo cha ofisa. Tarehe 5 Julai mkubwa wao, jenerali Janssens, aliandika ubaoni mbele yao kwamba mbele ya uhuru na nyuma ya uhuru ni sawasawa. Askari wakaasi. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga chini ya Tshombe, ikaunda jandarmeri yake yenye maofisa Wabelgiji. Hapa kaskazini Baluba wengi walikuwa wafuasi wa Balubakat, chama cha Jason Sendwe, na hawakutaka kujitenga. Jandarmeri ikatumwa "kuleta utulivu". Utulivu ule ulikuja na vijiji kuchomwa na watu kupigwa risasi.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeleta askari wa amani. Kwa upande wetu walikuja Wairlandi wa batayo ya 33, makao yao yakiwa Albertville, yaani Kalemie ya leo, na kikundi kimoja kiliwekwa hapa Niemba. Tarehe 8 Novemba 1960 luteni Kevin Gleeson alitoka na watu wake 10 kuangalia njia. Kwenye mto Luweyeye walikuta daraja limebomolewa. Watu wenye pinde na mishale wakatokea majanini. Wale waliopona walisimulia kwamba luteni aliinua mkono akawasalimu kwa neno moja la Kiswahili: "Jambo!" Jibu lilikuwa mishale. Wairlandi 9 walikufa, 2 wakapona. Mwili wa mmoja, Anthony Browne, ulipatikana miaka miwili nyuma yake. Baluba pia walikufa pale kwa risasi. Siku ya maziko kule Dublin watu walijaa njiani. Kwa hiyo kuko watu wa mbali wanaolijua jina la Niemba, na katika madaftari yetu ya historia halimo.

Wairlandi wale hawakuwa wamemchomea mtu nyumba. Lakini walikuwa na nguo ya askari, walikuwa Wazungu, na watu wa hapa walikuwa wamezoea kuiona jandarmeri ikija na Wazungu mbele. Wengi walioandika juu ya siku ile wanaona kwamba walidhaniwa kuwa ndio hao. Hatusemi hivyo kwa kutetea damu. Tunasema tu kwamba hapa kwetu kulikuwa na siku ambayo mtu alisema "Jambo" na nguo yake ikasema neno lingine, na watu wakasikiliza nguo.

Nyuma ya hapo nguo ilibadilishwa jina mara nyingi. Mwaka 1966 iliundwa polisi ya taifa. Mwaka 1972 Mobutu aliivunja na kuitia ndani ya jandarmeri, yaani polisi wote wakawa askari wa jeshi. Mwaka 1984 akaongeza Garde Civile. Mwaka 1997 Laurent-Désiré Kabila alipoingia, vyote viwili viliondolewa, ikaja Polisi ya Taifa ya Kongo tunayoijua leo, ile PNC. Halafu vita ya 1998: Kalemie ikawa mikononi mwa RCD, nao waliweka polisi wao. Mapatano yalipofika na serikali ya mpito mwaka 2003, polisi wa pande zote waliunganishwa.

Ndiyo sababu katika posti moja ndogo unaweza kumkuta mzee aliyeanza katika jandarmeri ya Mobutu, mwingine aliyeingia na Kabila baba akiwa kadogo, mwingine aliyekuwa polisi wa waasi, na kijana aliyeandikwa miaka hii na kufundishwa chuoni, kwa mfano kule Kasapa, Lubumbashi. Wanavaa nguo moja. Hawakujifunza kazi moja. Mmoja alifundishwa kwamba raia ni adui, mwingine kwamba raia ni bwana wake, na wote wawili wanasimama kwenye barriere ileile.

WAMEPANGWA NAMNA GANI

Hapa tutapita mbio, maana mambo haya yanapatikana katika vitabu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaitaja polisi kuanzia kifungu cha 182: ilinde usalama wa watu wote na mali zao, itunze utulivu na kuurudisha ukivunjika, na iwalinde wakubwa wa nchi. Kifungu cha 183 kinasema polisi haina chama na mtu yeyote asiigeuze kuwa yake. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 imepanga namna inavyofanya kazi, na ile ya tarehe 1 Juni 2013 imepanga maisha ya polisi mwenyewe: vyeo, haki, adhabu.

Vyeo, toka chini: ajenti, brigadie, su-komiseri, komiseri, komiseri siperieri, na juu kabisa komiseri divizioneri. Kinshasa kuko komisaria kuu. Katika kila jimbo kuko ya jimbo (yetu iko Kalemie, toka Tanganyika ilipokuwa jimbo mwaka 2015). Chini yake za miji na teritwari, mpaka posti. Kuko vikosi vyenye kazi ya peke yake: wa barabara, wa mipaka, wa kulinda wakubwa, wa kutuliza fujo, na wale wa kulinda watoto na kufuata kesi za kunajisi. Wasichana wa masomo yetu wajue neno hili la mwisho. Mtu akitendewa ubaya huo ana haki ya kusikilizwa na polisi waliofundishwa kazi hiyo, na akipenda aombe polisi mwanamke. Polisi wanawake wapo, lakini bado ni wachache.

Tena kuko jambo ambalo watu wanachanganya kila siku. Polisi ina wakubwa wawili. Kwa mambo ya utulivu inasikiliza utawala: gavana, administrata wa teritwari. Kwa mambo ya kesi inasikiliza parke, yaani prokireri na watu wake. Na si kila polisi ana ruhusa ya kukuweka kasho. Mwenye ruhusa ni OPJ, ofisa wa polisi ya mahakama. Ajenti akikukamata, kazi yake ni kukufikisha mbele ya OPJ, basi.

ANAISHI NAMNA GANI

Wiki moja nyuma ya mambo yale tulirudi kwa yule polisi aliyeandika kwenye karatasi za kemia. Tuliogopa, lakini mwalimu alisema hatuwezi kuandika juu ya mtu bila kumwuliza. Tulimkuta akishona kiatu chake. Tulimwita "komanda", akacheka: "Mimi si komanda, mimi brigadie. Mukae." Yafuatayo ni yale aliyotueleza, na mengine tuliyaona kwa macho.

Moto wa umeme hauko pale. Pikipiki haiko. Mtu akija usiku kusema jirani yake anapigwa, polisi anakwenda kwa miguu na tochi ya simu yake, ikiwa chaji iko. Vocha ananunua mwenyewe. Nguo aliyovaa aliishona kwa franka zake, maana ile ya serikali ilichanika na nyingine haijafika. Nyumba yake ni chumba kimoja kilichogawanywa na pazia, na watoto watano. Akihamishwa leo kwenda Manono, anatafuta namna ya kufika, mke na masufuria juu.

Mshahara, wao wanasema solde, unapita banki, kama kwa wafanyakazi wengi wa Leta toka serikali ilipoanza namna hiyo mwaka 2011. Ni jambo zuri: zamani franka zilishuka kutoka mkono wa mkubwa mpaka wa mdogo, na kila mkono ulibaki na kitu. Lakini hapa banki haiko. Lazima afuate solde Kalemie, kwa gari la moshi kama linapita siku hiyo, au nyuma ya pikipiki ya mtu. Akirudi, sehemu yake imekwisha liwa na njia. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuongeza solde ya askari na polisi. Tulimwuliza kama ameona tofauti. Akajibu: "Hata bei ya unga ilisikia ile tangazo."

Kuko mambo mengine hatukuyajua kabisa. Polisi hapigi kura. Hawezi kuingia chama cha siasa, wala kugoma. Walimu wetu wakikosa mshahara wanafunga chaki sandukuni, na sisi tunarudi nyumbani. Yeye hana chaki ya kufunga. Akifanya kosa, hahukumiwi kwenye tribinali ya raia bali kwenye mahakama ya kijeshi, ambako kutupa silaha au kutoroka kazi si mchezo. Mmoja wetu aliuliza kama hayo ni haki. Alifikiri kidogo, akasema: "Niko na bunduki. Mwenye bunduki akigoma, inakuwa kitu gani?"

Halafu tukamwuliza swali lililotuleta: juu ya nini alimchukua mdogo? Hakukasirika. Alisema: "Kule chuo walinifundisha hivyo munavyosoma nyinyi. Ninajua. Lakini mukubwa anauliza, mwivi iko wapi? Siwezi kwenda kumwambia, hakuna kitu, nimerudia mikono. Na watu wa hapa ukimshika mdogo, mukubwa anakuja mwenyewe." Tukasema: mara hii hakuja. Akasema: "Hakuja." Akaendelea kushona.

Hapa sisi makapita hatupatani. Wawili kati yetu wanasema: mtu asiye na karatasi, asiye na kiatu, asiye na pikipiki ya kumfuata mwivi, utamdai nini? Anashika aliye karibu. Wengine, na mwenye kushika kalamu hii yuko upande wao, wanasema: ukosefu wa karatasi unaeleza karatasi. Hauelezi usiku tatu za mtoto. Kumwacha mdogo bwenini kusingemgharimu yule brigadie hata franka moja. Na sisi, tuliokuwa na karatasi, kalamu, viatu na kitabu cha Katiba, tulifanya nini? Tulitaja kitanda.

MPAKA WA KAZI YAO

Mambo haya kila mwanafunzi ayajue kama anavyojua jina la baba yake. Ukikamatwa, waambiwe mara moja juu ya nini, tena katika lugha unayosikia. Kiswahili, Kiluba, si lazima Kifaransa. Una haki ya kujulisha watu wa nyumbani au mwanasheria. OPJ hawezi kukuweka zaidi ya saa 48: zikiisha, akuachie au akutume mbele ya parke. Hayo yote ni kifungu cha 18. Mdogo wetu alikaa zaidi ya saa 48, kwa hiyo hata kama angekuwa mwivi mwenyewe, hesabu ilikwisha kupita.

Deni si kosa la jinai. Ukikopa mfuko wa mahindi ukakosa kulipa, mwenye mahindi aende kwenye tribinali. Polisi si mtoza madeni. Amandi inaweza kutolewa kwa makosa madogo, lakini amandi ya kweli ina risiti. Bila risiti ina jina lingine. Kutoka kasho hakuna bei, na kuku si karatasi ya kutoka. Nguvu na bunduki vinatumiwa pale tu ambapo njia nyingine haiko, na kwa kipimo cha hatari yenyewe.

Nyinyi wenye damu ya moto, sikilizeni pia upande wa pili. Usiku ule, kama mwivi asingetukimbia, tungemfanya nini? Mmoja alikuwa amekwisha kushika kuni. Mwingine alitafuta mafuta ya taa, na hatukumzuia. Taa ilikuwa kavu, basi. Sheria inayomzuia polisi kumfunga mdogo ni ileile inayotuzuia sisi kumchoma mkubwa. Polisi awe maskini namna gani, kati ya mwivi na kuni ya jiko hakuna mwingine wa kusimama.

Tumeona pia katika jimbo letu kinachotokea wakati polisi hawatoshi au hawaaminiwi. Vita ya Baluba na Batwa iliyoanza mwaka 2013, ikawaka tena 2016, ilichoma vijiji katika Nyunzu, Kabalo, Manono na teritwari yetu ya Kalemie. Wengi kati yetu hapa tuliikimbia tukibebwa mgongoni. Kila upande ulisema, serikali haitulindi, tujilinde wenyewe, na mishale ikatoka tena. Askari wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, waliondoka Tanganyika katikati ya 2022. Sasa kazi ya kila siku ni ya hao wenye tochi ya simu.

Na jambo moja linatusumbua. Polisi inatakiwa kuwa ya taifa lote. Sisi hatujamwona bado Mutwa mwenye galoni ya komiseri, wala ya brigadie. Juu ya nini? Angalia madarasa yetu. Mwaka huu Batwa katika masomo yetu wako wanne, na watatu wako mwaka wa kwanza. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki zao, hata haki ya kusoma. Lakini galoni inaanzia kwenye benchi ya darasa, na tunajua ni nani hapa anayewacheka wakikosea kusoma. Tuna majina, tumejifunza kutoyataja mbio.

CHUMBA CHA MAFAGIO

Tulifikiri somo limekwisha, tukampelekea mwalimu asahihishe. Alisoma, akasahihisha nukta, akatuuliza: "Na chumba cha mafagio?"

Kwa wale wasiojua: ni chumba karibu na jiko, kisicho na dirisha. Kwa desturi, makapita tulikuwa tunamfungia humo mwenye kuchelewa masomo ya jioni, mpaka kengele ya kulala. Tuliikuta desturi hii, hatukuianzisha. Mwalimu akauliza: kifungu cha ngapi? Ni nani OPJ kati yenu? Na wiki ile ya mwezi wa kwanza, mlipokosa kumpata aliyevunja ndoo, juu ya nini mlifungia kitanda kizima, watoto wawili, wa juu na wa chini?

Hatukuwa na jibu. Toka tarehe 3 ya mwezi huu chumba cha mafagio kina mafagio tu. Anayechelewa anaandikwa jina, anasikilizwa na mwalimu wa zamu, na anaweza kujieleza. Ni kweli sasa wachelevu wamezidi kidogo. Tunaliona, tunatafuta njia.

TANGAZO

Yule brigadie amekubali kuja masomoni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe, kujibu maswali ya wanafunzi. Mkubwa wake amempa ruhusa. Amesema atasema pia juu ya kuandikwa katika polisi, kwa wale wa mwaka wa mwisho wanaofikiria njia hiyo. Tunajua mko saba. Kila mmoja alete kiti au benchi ya darasa lake, na arudishe. Jiko litampikia mgeni, si kuku.

Maswali yaandikwe na kupewa kapita wa darasa mbele ya Jumatano. Si lazima kuweka jina. Mpaka leo tumepata maswali kumi na mawili. La kwanza kabisa liliandikwa na mdogo wetu wa mwaka wa tatu, ambaye amerudi darasani. Yaya yake hajaonekana bado. Aliweka jina lake, kwa herufi kubwa. Anauliza: "Kama kapita wa masomo ananitaja bure, nimushitaki wapi?"

Tumeliacha namba moja.

Makapita wa Masomo, Niemba